ULIFANYA KAZI GANI?
Kansere ya wafanyakazi wa reli na haki yao mbele ya sheria

Mara nyingi tunaitwa kupeleka sakramenti kwa mugonjwa. Tunakuta muzee amelala, amekonda, kifua kinapanda na kushuka kwa shida, sauti imekauka. Watu wa nyumba wanatuambia: «Ni kifua kikuu.» Wengine wanasema pole pole: «Ni karuho, mutu alimutilia sumu», na macho yao yanatazama nyumba ya jirani. Tunamusikiliza mugonjwa, tunamupaka Mafuta matakatifu, tunabariki nyumba, tunakwenda zetu. Lakini hatukumuuliza neno moja ambalo labda lingeweza kumusaidia yeye, na baadaye mujane wake na yatima zake: «Baba, ulifanya kazi gani?»

Ulizo hili si sisi tuliolivumbua. Munganga mumoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu mujini Modena katika mwaka 1700 juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Waganga wa zamani walikuwa na desturi ya kumuuliza mugonjwa anaumwa wapi na tangu siku gani. Ramazzini aliwashauri kuongeza ulizo moja: unafanya kazi gani? Alikuwa ameona kwamba kazi yenyewe inaweza kumuua mutu pole pole, bila jirani, bila mulozi, bila adui.

Leo tunataka kueleza namna gani ulizo hilo linaingia hata ndani ya tribinali. Kwa mufano tutatwaa wafanyakazi wa reli. Musomaji wa Bukavu atatuambia: «Lakini sisi hatuna reli.» Ni kweli, reli haikufika Bukavu, ile ndogo ya Uvira mpaka Kamanyola ilifungwa mwaka 1958. Hata hivi, jirani zetu wa Maniema na wa Tanganyika wameishi na reli kwa miaka zaidi ya mia moja. Ile ya Kindu ilifika Kongolo mwaka 1911, ile ya Kabalo ilifika Kalemie, iliyo itwa Albertville, mwaka 1915. Tena katika parokia zetu wanaishi watu waliotoka kule, ao watoto wao. Na kuna sababu nyingine: ni juu ya wafanyakazi wa reli ndiyo matribinali ya inchi moja kubwa yamehukumu mara nyingi sana ulizo hili: nani atalipa, kama kazi imeleta kansere?

I. UGONJWA UNAO KAWIA

Mufanyakazi akikatwa mukono na mashini, watu wote wanaona. Siku inajulikana, saa inajulikana, washahidi wapo, mashini ipo. Huo ni musiba wa kazi, na sheria za inchi nyingi zinaujua tangu zamani.

Kansere inayo toka katika kazi si hivyo. Inafanana na mbegu iliyo pandwa usiku. Mutu anavuta vumbi ao moshi miaka kumi, makumi mawili, na haumwi kitu. Anaacha kazi, anarudi kwao, analima, anaona wajukuu. Halafu siku moja anaanza kukohoa.

Tutwae mufano wa kweli. Mufanyakazi mumoja wa Marekani alifanya kazi katika atelye za reli tangu mwaka 1947 mpaka mwaka 1974. Kazi yake ilikuwa kuunga vyuma na kutengeneza mashini. Katika freni na katika vifuniko vya mashini mulikuwa amianti. Waganga walimukuta na kansere katika mwaka 2005. Muhesabu pamoja nasi: miaka 31 tangu alipoacha kazi, miaka 58 tangu alipoianza. Kwa kawaida kansere ya amianti inakawia kati ya miaka 20 na 50, na mara nyingine zaidi.

Kwa nini inakawia hivi? Amianti ni jiwe ambalo linapasuka kuwa nyuzi nyembamba sana, jicho haliwezi kuziona. Mutu akizivuta, zinaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwili hauwezi kuziyeyusha wala kuzitupa zote inje. Nyuzi zinabaki pale, zinachoma, zinaleta vidonda vidogo visivyo pona. Miaka inapita, na sehemu ndogo za mwili zilizo umizwa namna hii zinaweza kuharibika na kuanza kuzaana bila utaratibu. Hiyo ndiyo kansere. Iko moja inayo kamata ngozi nyembamba inayo funika mapafu; waganga wanaiita mezotelioma. Hii karibu kila mara inatoka katika amianti. Iko nyingine ya mapafu yenyewe, na mutu aliyevuta amianti pamoja na tumbako yumo katika hatari kubwa zaidi sana kuliko mutu aliyevuta kimoja tu.

Hapa tunaona shida yote. Ugonjwa unapofika, mukubwa wa kazi amekwisha kufa ao amerudi kwao. Kompanyi imebadili jina ao imefungwa. Karatasi zimeliwa na muchwa. Wenzake wa kazi hawapo tena. Na mugonjwa mwenyewe hakumbuki, ao hafikiri hata kidogo kwamba vumbi la ujana wake ndilo linamuua sasa katika uzee.

II. VITU VYA HATARI KATIKA KAZI YA RELI

Iko ofisi ya kimataifa ya kuchungua kansere, kule Lyon katika Ufaransa. Kazi yake ni kupima ushuhuda wa waganga wa dunia yote na kusema kitu gani kinaleta kansere. Tutaje vile vinavyo husu reli.

1. Amianti. Mashini za mvuke zilifunikwa nayo ili moto usipotee. Ilitiwa pia katika freni, katika mabomba na katika kuta za magari. Fundi aliyetengeneza tanki la mvuke alivunja kifuniko cha zamani kwa nyundo, na vumbi lilimuangukia kichwani. Ni hakika kwamba inaleta kansere.

2. Moshi wa mazutu. Mashini za mazutu zilipo twaa nafasi ya zile za mvuke, watu walifikiri kwamba hatari imekwisha. Lakini katika mwaka 2012 ofisi ya Lyon ilitangaza kwamba moshi huo unaleta kansere ya mapafu. Wenye kuumia zaidi ni wale wanaofanya kazi ndani ya atelye iliyo fungwa, mahali mashini zinanguruma siku nzima.

3. Vumbi la silika. Silika imo katika muchanga na katika mawe yanayo wekwa chini ya reli. Vumbi lake linakausha mapafu. Ugonjwa huo unaitwa silikozi. Katika mwaka 1997 ofisi ya Lyon ilisema kwamba vumbi hilo linaleta pia kansere.

4. Benzeni. Imo katika esanse na katika dawa nyingi za kusafishia vyuma. Inaweza kuleta kansere ya damu.

5. Moshi wa kuunga vyuma, uliotangazwa mwaka 2017. Na tena kreozoti, ile dawa nyeusi inayo nuka sana, wanayo paka miti inayo beba reli ili isioze. Juu yake ofisi ya Lyon inasema kwamba yaelekea inaleta kansere.

Tusisahau mwanamuke. Fundi alirudi jioni na nguo zenye vumbi la amianti, na mke wake alizipiga-piga, akazifua. Waganga wamekuta mezotelioma hata kwa wanawake ambao hawakuingia siku moja ndani ya atelye.

III. SHERIA YA MAREKANI YA MWAKA 1908

Katika Marekani, mwanzoni mwa karne ya ishirini, wafanyakazi wa reli walikuwa wanakufa na kuvunjika kwa wingi. Mwaka 1908 Kongresi iliweka sheria kwa ajili yao peke yao. Sheria hiyo inatumika mpaka leo. Tuieleze kwa kifupi, kwani inatufundisha mambo manne.

La kwanza ni kosa. Wafanyakazi wengine wa Marekani wakiumia kazini, wanapata malipo bila kuonyesha kosa la mutu, lakini malipo hayo yana mpaka. Mufanyakazi wa reli anapaswa kuonyesha kwamba kompanyi ilikosa: ilijua hatari, ao ilipaswa kuijua, na haikumulinda. Akionyesha, anaweza kupata malipo ya hasara yote, hata ya maumivu. Lakini si lazima kosa la kompanyi liwe sababu moja tu. Katika mwaka 1957 Tribinali kuu ilisema kwamba inatosha kosa hilo liwe na sehemu katika kuleta hasara, hata sehemu ndogo sana.

La pili ni kugawanya kosa. Kama mufanyakazi mwenyewe alikosa pia, sheria haimufukuzi, inapunguza malipo. Tuseme hasara ni dola 100,000, na tribinali inaona kwamba sehemu 30 kwa mia ni kosa lake mwenyewe. Atapata 70,000. Basi mutu aliyevuta tumbako asifikiri kwamba hana neno la kusema.

La tatu ni saa ya sheria. Mufanyakazi anapewa miaka 3 ya kushitaki. Lakini miaka hiyo inaanza siku gani? Hapa ndipo shauri la Urie lilipo tokea. Mutu huyo alitia makaa katika mashini za mvuke miaka karibu 30. Mashini hizo zilimwanga muchanga juu ya reli ili magurudumu yasiteleze, na vumbi lake liliingia mahali alipofanya kazi. Mwaka 1940 ilimupasa kuacha kazi: silikozi. Akashitaki mwaka 1941. Kompanyi ikajibu: umekawia, vumbi lilikuingia tangu zamani. Mwaka 1949 Tribinali kuu ilikataa jibu hilo. Ilisema kwamba ugonjwa wa kazi unahesabiwa kama kuumia kazini, na kwamba saa haiwezi kuanza kabla ugonjwa haujajionyesha. Haifai kumuhukumu mutu kwa sababu hakujua kitu ambacho hakuweza kujua.

La ine ni woga wa kansere. Mutu aliyevuta amianti lakini hana ugonjwa bado, anaweza kudai malipo kwa sababu ya woga? Mwaka 1997 Tribinali kuu ilisema hapana, kama mwili wake hauna alama yo yote ya ugonjwa. Mwaka 2003 ilihukumu shauri la wafanyakazi sita ambao mapafu yao yalikuwa yamekwisha kukauka kwa sababu ya amianti. Kwa hawa ilisema ndiyo: wakionyesha kwamba woga wao wa kansere ni wa kweli na ni muzito, nao unahesabiwa.

Tusifikiri lakini kwamba kule kila mutu anashinda. Yule mufanyakazi wa 1947 tuliyemutaja juu, yeye na mke wake walishitaki makompanyi yaliyo tengeneza na kuuza freni na vyombo vya mashini. Alikufa shauri likiwa bado. Mwaka 2012 Tribinali kuu iliwakatalia watu wake: sheria ya serikali juu ya ukaguzi wa mashini za reli ilifunga njia ya mashauri ya namna hiyo juu ya wenye kutengeneza vyombo hivyo. Maana yake: haitoshi kuwa mugonjwa, haitoshi kuwa na haki, lazima kujua ni nani wa kushitaki, na kwa sheria gani.

IV. JIRANI ZETU WA AFRIKA

Wengine watasema: «Hayo ni mambo ya inchi tajiri.» Tutazame Afrika.

Katika mwaka 2000 tribinali ya juu kabisa ya Uingereza ilikubali kwamba watu zaidi ya 3,000 wa Afrika ya Kusini walete shauri lao London. Walikuwa wameugua kwa sababu ya amianti ya kompanyi iliyo kuwa na kiti chake katika Uingereza. Kompanyi ilitaka shauri lirudi Afrika. Majuji waliona kwamba kule, bila feza na bila avoka, watu hao hawangeweza kupata haki katika shauri kubwa namna hiyo.

Karibu nasi zaidi, kule Mombasa katika Kenya, iko mitaa ya watu maskini inayo itwa Owino Uhuru. Kiwanda kimoja kiliyeyusha pale batri za zamani ili kutoa madini ya risasi. Sumu yake haikuwa ya kansere ya mapafu. Risasi inaharibu damu na ubongo, zaidi ya yote kwa watoto. Mwanamuke mumoja, Phyllis Omido, alikuwa ameajiriwa pale. Mutoto wake alipo gonjwa, ilikutwa risasi katika damu yake. Mama huyo aliacha kazi na kuanza kusema. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 tribinali ya Mombasa iliamuru watu walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na iliona kosa hata kwa ofisi za serikali zilizo achia kiwanda kufanya kazi. Mwaka 2023 tribinali ya rufaa iliivunja hukumu hiyo. Mwezi wa Desemba 2024 Tribinali kuu ya Kenya iliirudisha. Tuone: yote yalianza na mama mumoja aliyeuliza ugonjwa wa mutoto wake unatoka wapi.

V. KATIKA INCHI YETU YA KONGO

Sasa turudi kwetu. Mufanyakazi wa Kongo anayo njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya akiba ya taifa. Tangu amri ya tarehe 29 Juni 1961, inchi yetu ina shirika la kulinda wafanyakazi. Kwanza liliitwa INSS. Baada ya sheria ya tarehe 15 Julai 2016 limekuwa Caisse Nationale de Sécurité Sociale, yaani CNSS. Watu wengi wanalijua kwa sababu ya feza ya uzee tu. Lakini lina tawi lingine: misiba ya kazi na magonjwa ya kazi. Kwa tawi hilo mukubwa wa kazi peke yake ndiye anaye lipa, sehemu 1.5 kwa mia ya mushahara. Mufanyakazi hakatwi kitu. Katika njia hii si lazima kuonyesha kosa la mutu. Inapaswa kuonyesha kwamba mugonjwa aliandikwa, na kwamba ugonjwa wake umetoka katika kazi. Akikubaliwa, sheria inamupa matunzo, na malipo kadiri ya nguvu alizo poteza. Akifa, mujane na yatima wanaweza kupata sehemu yao.

Njia ya pili ni ya tribinali. Kitabu cha sheria za raia, katika kipengele cha 258, kinasema wazi kwamba aliye muletea mwenzake hasara kwa kosa lake, anapaswa kuitengeneza. Hapa ni lazima kuonyesha mambo matatu: kosa, hasara, na kamba inayo funga kosa na hasara. Kwa kansere, kamba hiyo ndiyo ngumu kuonyesha. Tena iko sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Sheria hiyo inaamuru mukubwa wa kazi kulinda afya ya wafanyakazi wake. Inaamuru pia kwamba shauri lolote la kazi lipite kwanza mbele ya inspektere wa kazi, ili ajaribu kupatanisha. Anayeruka inspektere na kukimbilia tribinali, shauri lake halipokelewi. Na mashauri yanayo toka katika mapatano ya kazi yanakufa baada ya miaka 3. Yale ya mushahara baada ya mwaka 1. Ndiyo maana shauri la Urie linatugusa: juu ya ugonjwa unao kawia miaka 40, ulizo la siku saa ilipoanza ndilo linalo fungua ao kufunga mulango wote. Avoka mwema atapigania hapo kwanza.

Shida yetu tunaijua wote. Katika mwaka 1974 makompanyi ya reli yaliunganishwa kuwa kompanyi moja ya serikali, ambayo ndiyo SNCC ya leo. Mutu aliye andikwa na kompanyi ya zamani anaulizwa: karatasi yako iko wapi? Na vita imeongeza shida. Bukavu ilipo ingia katika mikono ya M23 mwezi wa Februari 2025, kazi ya matribinali na ya ofisi za serikali ilivurugika. Watu wamekimbia mara nyingi, na anaye kimbia anabeba mutoto na sufuria. Habebi karatasi ya kazi ya baba. Lakini bila karatasi ile, hata sheria nzuri inabaki bubu.

VI. HAKI, SI SADAKA

Waseminari wanajifunza tofauti ya haki na mapendo. Tuitumie hapa, isibaki katika kitabu. Mutu akivunja chungu cha mwenzake, anapaswa kulipa chungu. Asiseme kwamba ametoa sadaka. Vilevile kompanyi iliyojua kwamba vumbi linaua, na ikaacha watu wafanye kazi bila kinga, inadaiwa. Ni haki ile ambayo walimu wetu wanaiita justitia commutativa, na deni lake linaitwa restitutio. Soksi, blanketi na mufuko wa unga wanazo leta siku ya maziko ni vitu vyema, lakini havifuti deni.

Baba Mutakatifu Leo XIII, katika barua Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mufanyakazi si chombo cha kutafutia faida. Yoane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alihesabu afya na ulinzi kazini kati ya haki za mufanyakazi. Basi padri anaye saidia mujane kutafuta karatasi hajiingizi katika mambo yasiyo yake.

Haki ina upande mwingine tena. Ni vibaya kumuzulia mutu deni lisilo lake, hata akiwa tajiri. Si kila kikohozi ni kansere, wala si kila kansere inatoka katika kazi. Anaye sema uongo mbele ya tribinali anafanya zambi, na anawafungia mulango wagonjwa wa kweli watakao mufuata. Kwa sababu hiyo tunasema: tuulize, tuandike, tuache munganga na juji wapime.

Na juu ya karuho, neno moja. Tunajua nyumba ngapi zimevunjika kwa sababu ya masingizio ya sumu. Mujane anafukuzwa na ndugu za marehemu, jirani anachomewa nyumba. Mara nyingine sumu ilikuwako kweli, lakini haikutiwa ndani ya pombe na jirani. Ilikuwa katika vumbi la atelye, miaka 40 iliyopita, na mutu aliivuta akitafuta mukate wa watoto. Anaye uliza «ulifanya kazi gani?» anaweza kuokoa hata yule anaye shitakiwa bure.

VII. TUFANYE NINI?

Padri na mukatekista si avoka, wala si munganga. Lakini wanaingia katika nyumba mahali avoka hafiki. Haya wanaweza kuyafanya.

Kwanza: waulize, na waandike katika daftari. Alifanya kazi wapi, tangu mwaka gani mpaka mwaka gani, chini ya nani, na mikono yake ilishika nini: makaa, mazutu, amianti, dawa ya miti? Alikuwa na wenzake gani, na wako wapi? Waandike mugonjwa akiwa bado na sauti.

Pili: watafute karatasi zote. Kadi ya kazi, karatasi ya mushahara, namba ya INSS ao ya CNSS, barua ya kuachishwa kazi, hata picha ya wafanyakazi mbele ya mashini. Watengeneze nakala, na nakala ikae mahali pengine, mbali na nyumba.

Tatu: wamuongoze mugonjwa kwa munganga, na wamuombe munganga aandike jina la ugonjwa pamoja na historia ya kazi. Karatasi inayo sema «kikohozi» tu haifungui mulango. Siku ile ugonjwa ulipojulikana iandikwe vizuri, kwani labda saa ya sheria itahesabiwa tangu siku hiyo.

Ine: vitabu vya parokia vitunzwe. Mujane ataulizwa kama alikuwa mke wa kweli, na watoto kama ni watoto wa kweli. Ndoa iandikwe kanisani na pia kwa serikali. Lakini mahali vita imechoma ofisi, kitabu cha ubatizo na cha ndoa kinaweza kuwa shahidi wa mwisho.

Tano: wasikawie, tena wasiende peke yao. Wamufuate inspektere wa kazi, sendika, ofisi ya CNSS, ao tume ya Haki na Amani ya jimbo, waulize njia. Na mutu akija kusema, «Nipe feza, nitakuletea mamilioni», wamukimbie.

Sita: wawafundishe vijana. Reli haiko Bukavu, lakini gereji ziko, na viwanda, na mashimo ya zahabu na ya koltani ambamo vijana wetu wanatoboa mawe na kuvuta vumbi bila kitambaa mdomoni. Kijana anaye anza leo atakohoa labda mwaka 2060. Kumwanga maji juu ya vumbi, kufungua madirisha ya gereji, kutofua nguo za kazi pamoja na nguo za mutoto: haya yanapita hukumu yo yote ya tribinali, kwa sababu yanazuia ugonjwa usizaliwe.

Ndugu wapenzi, siku nyingine tutaitwa tena usiku kwa muzee anaye kohoa. Tutachukua stola, mafuta na kitabu cha sala. Tuchukue pia kalamu na daftari. Tukimaliza sala, na yeye akiwa na nguvu kidogo ya kusema, tuketi karibu na kitanda, tumuulize kwa heshima: «Baba, ulifanya kazi gani?» Na tukae, tumusikilize mpaka mwisho.